Ubaguzi usiotukana: Jibu kwa mwandishi kijana wa Voi

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Voi aliniletea mswada wa riwaya. Wahusika wake wakuu ni wanamuziki wawili wa kubuni: mpiga gitaa kutoka Mwatate na mwimbaji kutoka Taveta. Mwaka 1956 wanapanda garimoshi kwenda Nairobi kurekodi santuri, na kuanzia stesheni ya Voi hadi mlango wa studio wanapambana na ubaguzi wa rangi. Niliusoma kwa siku mbili. Kijana ana jicho zuri, na gitaa lake unalisikia. Lakini kila Mzungu anayeingia katika hadithi hiyo anaingia akifoka. Anatukana, anapiga meza, anatoka. Kufikia sura ya tatu nilikuwa nimechoka, na nadhani hata Wazungu wenyewe walikuwa wamechoka.

Tulipokutana akaniambia, "Mwalimu, shida yangu ni matusi. Hawa watu wangu wanatukana Kiswahili cha siku hizi. Nipe yale ya zamani, ya enzi zao."

Nikamjibu kwamba ninayo machache, na hayatamsaidia sana.

"Sasa nitaandikaje ubaguzi bila matusi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika, na safu ya leo ndiyo jibu lenyewe. Naliweka hapa hadharani kwa sababu wengi wetu tunalikosea jambo hili, si yeye peke yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kubagua ni kutenga: hiki huku, kile kule. Halina kelele ndani yake. Mtu anaweza kubagua akiwa ametulia, akiwa na kalamu mkononi, hata akiwa anatabasamu. Kiswahili kiliposema "ubaguzi wa rangi" kilitaja kitendo cha kupanga watu kama karani anavyopanga faili. Na kwa historia ya nchi hii, nadhani lugha ilisema kweli.

Chukua garimoshi la wahusika wetu. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa Voi, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikatolewa njia ya pili kuelekea Taveta kwa ajili ya kupambana na Wajerumani. Mabehewa yalikuwa na madaraja. Kwa mazoea ya wakati ule, la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Karani aliyekata tiketi hakuhitaji kumtukana mtu yeyote. Alitazama uso, akakata tiketi. Neno "daraja" lilifanya kazi yote, na ni neno safi kabisa, tunalitumia hata shuleni.

Au chukua neno "kipande". Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara aliolipwa. Cheti kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kikaning'inizwa shingoni. Mzungu hakuvaa. Mhindi hakuvaa. Aliyetoroka kazi kwenye shamba la mkonge aliweza kusakwa kwa karatasi hiyo, na mwajiri mpya aliweza kusoma humo alicholipwa kule alikotoka, asimwongeze hata senti. Utaratibu huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Neno lenyewe halijafa. Polisi akikusimamisha usiku utasikia, "Toa kipande," na wewe unatoa kitambulisho bila kufikiri. Kikopo kimeondoka shingoni, kimebaki mdomoni.

Neno la tatu ni "boi". Hili halikuwahi kuhesabiwa kuwa tusi. Lilikuwa cheo cha kazi: boi wa nyumba, boi wa jikoni, boi wa shamba. Lakini asili yake ni neno la Kiingereza la mtoto wa kiume, nalo liliitiwa watu wenye wajukuu. Nisijifanye mwema hapa. Kwa miaka kadhaa mtu anayenikatia nyasi nimekuwa nikimtaja kwa jirani zangu kama "shamba boi". Ana umri wa kuwa kaka yangu mkubwa. Siku moja nilimsikia mjukuu wake akimwita "Guka" mbele ya lango langu, nami nikaona haya kumwita.

Kando ya maneno kuna lugha nzima. Walowezi walikuwa na Kiswahili chao, ambacho wenyewe Wakenya wamekiita Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha bara, nacho kililengwa kwa wanajeshi, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Tafakari orodha hiyo ya wanafunzi, kisha ujiulize walihitaji kusema nini na nani. Kiswahili cha namna hiyo hustawi katika vitenzi vya kuamuru: leta, ondoa, fanya, nenda. Heshima, utani na mafumbo havina nafasi. Humo mtu hujikuta ametolewa katika ngeli yake: badala ya "yuko" anakuwa "iko". Najua Wakenya na Wakongo wengi husema hivyo bila nia mbaya yoyote, na sitaki kuwakamata kwa sarufi. Ninachosema ni kwamba mtu anayejifunza lugha ya jirani yake kwa ajili ya kuamuru tu tayari ameshabagua, hata akiamuru kwa sauti ya upole.

Mfano bora ninaoujua uko katika maisha ya Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, na mapema miaka ya 1950 alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu. Ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake jinsi siku moja alivyokuwa peke yake ofisini, akaingia bibi wa Kizungu aliyekuwa na sampuli ya maziwa. Bibi huyo alitazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Hakuna tusi hapo. Kuna neno moja tu, "mtu", na aliyelitamka hakuona kwamba amekosea. Nilimwambia yule kijana: ukiweza kuandika ukurasa mmoja kama huo, futa sura zako zote tatu za kufoka.

Hapo akanikatiza. "Lakini Mwalimu, walipigwa pia. Si tusi tu. Walichapwa viboko."

Ni kweli, na sitaki kuisafisha historia. Mwaka 1907 Ewart Grogan aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, na huyo huyo baadaye akawa na mashamba makubwa ya mkonge Taveta. Jumba lake lingali juu ya kilima huko. Viboko vilikuwepo. Lakini kiboko humalizika jioni. Ardhi iliyokatwa kwenye ramani haimaliziki jioni. Wataita walilijua hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliunda chama chao, Taita Hills Association, kudai ardhi, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Mengo Woresha. Mwaka 1940 serikali ilikipiga marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, viongozi wakatiwa kizuizini, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wakati wa vita. Usalama! Neno jingine safi.

Sasa nifike kwa wanamuziki wawili, maana kijana alidhani amewabuni.

Fadhili William alizaliwa mwaka 1938 upande wa Taveta, ndani ya miaka hiyo hiyo ya chama na mkonge. Jina lake kamili lilikuwa Fadhili William Mdawida, na Mdawida maana yake ni mtu wa Dawida, yaani Mtaita kwa jina ambalo Wataita wanajiita wenyewe. Alikwenda Nairobi, akaimba na Jambo Boys, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaurekodi "Malaika". Baadaye alikuwa katika Equator Sound Band pamoja na Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, katika studio ya Charles Worrod. Wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi wa kwanza wa wimbo huo ni Adam Salim, na wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili ndiye aliyeutia katika santuri, na ni kwa sauti yake Afrika Mashariki iliujua.

Wimbo wenyewe wote tunaujua. Kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, na kinachomzuia ni mali. Hana. Hakuna Mzungu ndani yake, hakuna rangi wala serikali. Kwa nini basi nautia katika makala ya ubaguzi? Kwa sababu ya hilo neno "mali". Kwa wazee wa milima hii mali ilikuwa ng'ombe na mbuzi, na ng'ombe huhitaji malisho. Kijana wa miaka ya 1950 alikuwa na ardhi iliyopungua, kodi ya kulipa kwa fedha taslimu, na mshahara uliopangwa kulingana na rangi ya ngozi yake. Mwimbaji hakusema nani alimfanya maskini. Alisema tu kwamba hana, na kila msikilizaji aliyekuwa amebeba kipande alijaza mwenyewe kilichobaki. Hii ni tafsiri yangu, anayetaka kuubakisha wimbo wa mapenzi tu ana haki yake. Lakini sijui wimbo mwingine wa Kiswahili unaosema "sina" kwa utulivu kama huo.

Wimbo huo ukavuka bahari ukawaangukia watu wawili ambao maisha yao yote yalikuwa riwaya ya kijana wetu.

Wa kwanza ni Miriam Makeba. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1959 baada ya kuonekana katika filamu iliyouonyesha ulimwengu maisha ya weusi huko. Mwaka uliofuata mama yake alifariki, naye alipotaka kurudi kumzika akakuta pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1962 alifika Kenya. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, na serikali ya nchi yake ikajibu kwa kupiga marufuku santuri zake na kumnyang'anya uraia. Angalia tena silaha iliyotumika. Muhuri kwenye pasipoti. Ofisa aliyeupiga yawezekana alimwita "Madam".

Wa pili ni Harry Belafonte, mzaliwa wa Harlem, mwana wa mama Mjamaika, rafiki na mfadhili wa Martin Luther King. Kwetu Kenya anahusika kwa jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1959 Tom Mboya, yule yule aliyeulizwa kama kuna mtu, alipokuwa akitafuta nauli za kuwapeleka wanafunzi Marekani, Belafonte alitia jina lake kwenye ombi la michango pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walipanda ndege.

Belafonte na Makeba walitoa santuri yao ya pamoja mwaka 1965 kupitia kampuni ya RCA Victor. Nyingi za nyimbo zake ni za lugha za Afrika Kusini, na zinagusa mateso ya watu wa huko. Mwaka 1966 ikapata tuzo ya Grammy. Katikati ya santuri hiyo ya mapambano, wawili hao wanaimba "Malaika" kwa Kiswahili. Msikilizaji wa New York asiyejua neno hata moja alisikia wimbo wa mapenzi. Sisi tulisikia kijana wa mashamba ya mkonge akieleza kwa nini haoi, na waliomsemea ni mwanamke aliyekatazwa kumzika mama yake na mwanamume aliyekulia Marekani ya ubaguzi. Nadhani walijua walichokuwa wakifanya.

Mwandishi wa riwaya akitaka tukio moja la Belafonte, nitampa la mwaka 1968, na mwenzake hapo si Makeba. Ni mwimbaji Mwingereza, Petula Clark. Walikuwa wakirekodi kipindi cha televisheni, na katikati ya wimbo Clark, ambaye ni mweupe, akamshika Belafonte mkono. Mwakilishi wa kampuni ya magari iliyodhamini kipindi akapinga, akataka itumike picha nyingine ambayo hawajagusana. Clark alikataa, na kipindi kikaonyeshwa kama kilivyokuwa. Mtu mzima, mwenye tai, aliyesoma, aliogopa kushikana mikono kwa nukta chache. Kama ningekuwa naandika riwaya, nisingempa mtu huyo hata alama moja ya mshangao. Ningemwacha azungumze kuhusu mauzo ya magari.

Kuna neno la mwisho, nalo ndilo linaloniuma zaidi kama mwalimu wa lugha. Neno hilo ni "kienyeji".

Mwenyeji ni mwenye mahali. Ndiye anayekaribisha, mgeni humwomba yeye maji. Lakini tulipolitumia kutafsiri neno ambalo wakoloni walituitia, mwenyeji akashuka cheo, na "kienyeji" ikawa maana yake duni, isiyo na utaalamu. Dawa ya kienyeji. Pombe ya kienyeji. Muziki wa kienyeji. Ni kuku peke yake aliyejikomboa. Siku hizi sokoni Voi kuku wa kienyeji humpita bei yule wa kizungu. Muziki haukubahatika hivyo. Katika biashara ya santuri, kuuita wimbo wa Mwafrika "wa jadi" au "wa kienyeji" kulimaanisha kwamba hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakilipiwi.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939 akapewa malipo madogo ya mara moja. Wimbo ukaenda Marekani, ukabadilishwa jina zaidi ya mara moja, ukaingiza mamilioni. Linda akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa haki zake mwaka 2006, miaka 44 baada ya kuzikwa kwake. "Malaika" nao ulizunguka dunia: Boney M wakaurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991, na wengine wengi. Fadhili William aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarejea Kenya miaka ya 1990, na akafariki Nairobi Februari 2001. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa akidai kinachomstahili kutokana na wimbo unaoimbwa katika kila hoteli ya pwani. Wapo waliosimama jukwaani dhidi ya ubaguzi kwa moyo safi kabisa wakiuimba, huku nyuma yao mikataba na hesabu zikiendelea kubagua kimyakimya. Hilo halimpunguzii Makeba wala Belafonte heshima yao. Linatuonyesha tu ni wapi pa kutazama.

Kwa hiyo, mwanangu, haya ndiyo majibu yangu. Usitafute matusi ya zamani. Tafuta fomu za zamani: tiketi, kipande, mkataba wa studio, karatasi ya mshahara. Mpe karani wako sauti ya kawaida. Mfanye bwana wa studio awe mtu mcheshi, anayewapenda wanamuziki wako kwelikweli, anayewanunulia soda, na anayeandika jina lake mwenyewe mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya mtunzi. Msomaji atafoka mwenyewe, usimfokee wewe.

Juzi kijana alirudi na kurasa nne mpya. Wanamuziki wake wamefika stesheni ya Voi saa mbili usiku. Karani anaandika kwenye daftari la mizigo. Anaandika gitaa, anaandika sanduku moja la mbao, anaandika uzito wa vyote viwili. Kisha anainua kichwa, anawatazama wale vijana wawili waliosimama mbele yake, anauliza kwa adabu kabisa: "Mwenye mizigo hii yuko wapi?"

Nilimrudishia kurasa zake bila kuweka alama yoyote. Nilimwuliza tu sura ya pili itakuwa tayari lini.